Madirisha Yanayofunikana na Madirisha Yanayopakana: Tatizo la Istilahi za Kupanga Kiwambo cha Kompyuta

Neno dirisha, kwa maana yake ya kompyuta, halina ugomvi tena. Tangu programu za ofisi zilipoanza kutolewa kwa Kiswahili, kama ile Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwananchi ameweza kuona menyu zilizoandikwa kwa lugha yake, na hakuna anayeshtuka akiambiwa afungue dirisha bila ya kuinuka kitini. Kinachotutatiza ni maneno yanayoandamana na neno hilo. Dirisha likishafunguliwa huwekwa mahali. Huvutwa, hupanuliwa, huwekwa kando ya jingine au juu yake, huondolewa machoni kwa muda na kurudishwa. Kwa vitendo hivi Kiswahili cha vitabu vya mafunzo kinayumba, na kila mfasiri hujichotea neno lake.

Miaka michache iliyopita nilitakiwa kupitia rasimu ya kitabu cha kuwafundisha makarani kazi za kompyuta, na ili niione rasimu hiyo ikitumika niliomba kuketi darasani. Mlikuwamo sentensi moja iliyosema: “Ondoa dirisha la barua, kisha fungua daftari la hesabu.” Mfasiri alikusudia kwamba dirisha la barua lishushwe chini ya kiwambo, libaki likingoja. Mama mmoja wa makamo, aliyekuwa ameitumia mashine ile ile tangu saa mbili asubuhi kuandika orodha ya malipo ya vibarua, alifanya kama alivyoamriwa: akaliondoa dirisha. Mashine ikamuuliza, kwa Kiingereza, kama anataka kuihifadhi kazi yake. Akabonyeza la, kwa kuwa kitabu hakikutaja swali hilo. Kazi ya saa nne ikapotea. Nilipomsogelea alinitazama kwa upole akasema, “Kitabu kimesema niondoe, mwanangu. Nami nimeondoa.”

Sikuwa na la kumjibu. Kosa halikuwa lake, wala halikuwa la mashine. Kitenzi kuondoa katika Kiswahili humaanisha kukitoa kitu mahali kilipo, na yeye alikielewa kama anavyokielewa kila mtu aliyelelewa katika lugha hii. Makala haya yametokana na siku ile, ingawa yatagusa mambo mengi zaidi ya kitenzi kimoja.

Dirisha na kiwambo

Kabla ya kuvipa majina vitendo, yafaa tutazame vitu vyenyewe. Dirisha ni neno lililotufikia kutoka Kiajemi, na limekaa pwani kwa muda mrefu hata hakuna anayelihesabu kuwa geni. Uso wa kompyuta wengine huuita skrini, kwa kutohoa, na wengine kiwambo. Mimi hupendelea la pili, na sababu yangu si chuki dhidi ya maneno ya kutohoa. Lugha yetu imejaa maneno hayo na haikupungukiwa kitu. Kiwambo hutokana na kitenzi kuwamba, yaani kukitandaza kitu kwa kukivuta mpaka kikaze, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma au kamba juu ya kitanda. Katika ukoo huo huo limo kiwambaza, ukuta wa fito na udongo. Kwa hiyo tunaposema kwamba dirisha limo katika kiwambo, tunasema jambo linaloelekea kuwa na mantiki ndani ya lugha yetu wenyewe: dirisha hutobolewa katika kiwambaza. Sidhani kwamba waliolichagua neno kiwambo walilikusudia jambo hilo, lakini bahati nzuri haikataliwi.

Hata hivyo, mfano huo wa nyumba hutufikisha njia panda upesi. Dirisha la nyumba halihami. Halifuniki dirisha jingine. Likifungwa, hubaki pale pale ukutani. Dirisha la kompyuta hufanya kinyume cha yote hayo: huhama, hufunika majirani zake, na likifungwa hutoweka kana kwamba halikuwapo. Sababu ni kwamba wale waliobuni vitu hivi walichanganya mifano miwili, mmoja wa dirisha na mwingine wa meza ya ofisi. Uso wa kompyuta ulipewa jina la uso wa meza, ambao sisi twauita eneokazi. Na juu ya meza hapawekwi madirisha bali karatasi, na karatasi ndizo zinazolala moja juu ya nyingine. Msemaji wa Kiingereza ameurithi mchanganyiko huo na hauhisi tena. Sisi tunaounda istilahi leo hatuna ruhusa ya kutouhisi, maana kila kitenzi tutakachokichagua kitavutwa ama upande wa ukuta ama upande wa meza.

Jinsi mipangilio miwili ilivyopatikana

Historia ya jambo hili ni fupi, nayo inafaa kujulikana na mtu yeyote anayetaka kulipa jina, kwa sababu mambo mawili tunayoyatafutia maneno yalishindanishwa kwa miaka mingi na watu wenye akili, na upande ulioshindwa haukufa.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Douglas Engelbart aliuonyesha mkutano wa wataalamu jinsi mtu anavyoweza kufanya kazi na kompyuta kwa kuitazama na kuielekeza kwa kipanya, na uso wa mashine yake ukiweza kugawanywa sehemu. Katika miaka ya 1970, kwenye kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox huko Palo Alto, California, Alan Kay na wenzake walikuza wazo la madirisha yanayoweza kulala moja juu ya jingine kama karatasi mezani. Uso wa mashine zao ulikuwa mdogo kuliko kazi waliyotaka kuiweka humo, na kulaza kimoja juu ya kingine kulikuwa njia ya kupata nafasi ambayo haikuwapo.

Kampuni hiyo hiyo ilipouza kompyuta yake iliyoitwa Star mwaka 1981, mambo yaligeuka. Wabunifu wake walikuwa wamegundua kwamba watu waliopewa madirisha yanayofunikana walitumia muda mwingi kuyasogeza, na aghalabu waliyasogeza ili yasifunikane. Tena kiwambo cha Star kilikuwa kikubwa kwa siku zile, inchi 17. Basi wakaamua kwamba madirisha ya kazi yakae kando kwa kando, mashine yenyewe ikigawa nafasi. Katika matoleo ya baadaye watumiaji wakaruhusiwa kuyafunikiza wakitaka.

Kampuni ya Apple, kwa upande wake, ilishika njia ya kufunika katika Lisa ya mwaka 1983 na Macintosh ya mwaka 1984. Ajabu ni kwamba kiwambo cha Macintosh hiyo kilikuwa cha inchi 9 tu, chenye nukta 512 kwa upana na 342 kwa urefu, jumla yake 175,104. Kiwambo cha kawaida cha leo chenye nukta 1,920 kwa 1,080 kina nukta zaidi ya milioni mbili, yaani karibu mara 12 ya hizo. Nalo toleo la kwanza la Windows, lililotoka Novemba 1985, liliyapanga madirisha ya kazi kando kwa kando bila ya kuyaruhusu yafunikane. Toleo la pili, la mwaka 1987, likaruhusu. Mwaka uliofuata Apple iliishtaki Microsoft mahakamani, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni hayo hayo madirisha yanayofunikana. Apple ilishindwa. Kisa cha mahakama hakituhusu hapa, ila kitukumbushe kwamba mpangilio wa vipande vya mwanga juu ya kioo uliwahi kuwa mali ya kugombewa na mawakili.

Lenye maana zaidi kwetu ni jaribio la Sara Bly na Jarrett Rosenberg lililochapishwa mwaka 1986. Waliwapa watu kazi za aina mbili. Katika kazi ambayo yaliyomo yalienea vizuri katika nafasi yake, madirisha ya kando kwa kando yaliwahisha kazi. Katika kazi iliyohitaji madirisha kubadilishwa-badilishwa, yale ya kufunikana yaliweza kuwahisha zaidi, lakini kwa wale tu waliokuwa wamebobea. Maana yake ni kwamba hapakuwa na mshindi. Palikuwa na kazi na kazi, na mtu na mtu.

Kigae kinachodanganya

Mpangilio wa kando kwa kando umepewa na Waingereza jina linalotokana na vigae, na wafasiri wengi wameufuata mfano huo bila ya kutua: “panga madirisha kama vigae”. Neno kigae ni neno letu la siku nyingi. Ni kipande cha chungu kilichovunjika, kisha likapanuliwa maana likawa kipande cha udongo wa kuchoma cha kuezekea nyumba, na siku hizi pia kipande laini cha kusakifia. Taabu yote imo katika neno kuezekea. Mtu yeyote aliyepata kuliona paa la vigae anajua jinsi vinavyopangwa: cha juu hulala juu ya kichwa cha kile cha chini ili maji ya mvua yateremke yasiingie ndani. Vigae vya paa, kwa hiyo, hufunikana! Ukimwambia fundi wa kuezeka apange madirisha yake kama vigae, naye akayapanga yakafunikana, atakuwa amekutii barabara, na wewe ndiwe utakayekuwa umekosea.

Niliwahi kulijaribu hili kwa wanafunzi wa darasa lile lile. Niliwapa karatasi nne kila mmoja, nikawaomba wazipange mezani kama vigae, bila ya kueleza zaidi. Wengine walizipanga kama sakafu na wengine kama paa, nao walitazamana kwa mshangao. Sikuweka hesabu, wala sidai kwamba mchezo ule ni utafiti. Lakini istilahi inayowagawa watu wa darasa moja katika makundi mawili, kila kundi likiwa na haki, haifai kuwa istilahi.

Mwenzetu mmoja katika kamati alishauri tuseme “vigae vya sakafu” ili kuondoa utata. Ushauri huo ni wa kweli ila ni mrefu, na istilahi inayohitaji maelezo kila inapotajwa haina faida ya kuwa istilahi. Mwingine alileta mfano wa mkeka, nao ulinivutia sana. Mkeka wetu haufumwi wote kwa pamoja. Husukwa ukili mrefu wa miyaa, kisha ukili mmoja hushonewa kwa ukili mwingine, ukingo kwa ukingo, bila ya mmoja kuulalia mwenziwe, mpaka upana utimie. Makuti ya paa, kinyume chake, huezekwa yakilaliana kama vigae. Basi katika nyumba moja ya pwani tunayo mipangilio yote miwili: ule wa mkeka chini na ule wa makuti juu. Lau ningekuwa mshairi ningeishia hapo. Lakini mwalimu wa Sumbawanga au wa Kibondo ambaye hajapata kuuona mkeka ukishonwa atafaidi nini kwa mfano huo? Mfano mzuri wa kufundishia si lazima uwe jina zuri.

Kwa hiyo tuliuacha mfano tukarudi kwenye kitenzi, ambako Kiswahili kina nguvu zake. Vitu viwili vinavyogusana kingo bila ya kimoja kuingia katika eneo la kingine, kama mashamba mawili au wilaya mbili, hupakana. Neno hili lajulikana bara na pwani, mjini na shambani. Kutokana nalo twapata mpakano, kwa kanuni ile ile iliyotupa mgongano na mfanano. Na kitenzi cha kutendesha, kupakanisha, kwa mtu anayeyafanya madirisha yawe hivyo. “Pakanisha madirisha mawili” ni sentensi ambayo nimeisoma mbele ya watu wasiopata kugusa kompyuta, nao wakaniwekea karatasi mbili mezani sawasawa na nilivyotaka.

Upande wa pili ulikuwa na miiba zaidi. Neno la kwanza lililopendekezwa lilikuwa kupandana. Lina maana inayotakiwa, lakini sihitaji kumweleza msomaji aliyepata kufuga mbuzi kwa nini darasa zima lingeangua kicheko. Kulaliana lilipata wafuasi, nalo likaangushwa kwa sababu hiyo hiyo, ingawa kwa heshima kidogo zaidi. Kurundikana lina maana ya kukusanyika ovyo, jambo nitakalolirudia. Tukabaki na kufunikana.

Hoja mbili zilitolewa dhidi yake. Ya kwanza, kwamba kufunika ni kukiziba kitu kizima, kama kifuniko kinavyoziba chungu, ilhali dirisha mara nyingi hulifunika jingine sehemu tu. Hoja hii ina uzito, na jibu letu ni kwamba lugha ya kila siku haikukaza kiasi hicho: shuka fupi hufunika miguu ikaacha kifua, na hakuna anayesema kwamba haikufunika. Panapohitajika, tutasema kufunikana kwa sehemu. Hoja ya pili ilikuwa ya kisarufi. Mjumbe mmoja alisema kwamba kiambishi -ana huonyesha kutendeana, na dirisha la chini halilifuniki la juu. Basi vipi yafunikane? Lakini watu wakifuatana njiani, wa nyuma humfuata wa mbele na wa mbele hamfuati wa nyuma, nasi twasema wamefuatana. Vijiti hupokezwa kwa upande mmoja tu, na mbio zake huitwa mbio za kupokezana. Kiambishi hicho huonyesha uhusiano unaowaunganisha wote waliomo, na si lazima uwe sawa pande zote. Hoja ikaondolewa, na mfunikano ukaingia katika rasimu kando ya mpakano.

Mazoea ya watu na maneno yenye kuhukumu

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kwamba watu hawapangi madirisha yao kwa namna moja, na istilahi haina mamlaka ya kuwalazimisha.

Mimi hufanya kazi ya kulinganisha matini mbili kutwa nzima. Kiwambo changu nimekigawa katikati, matini asilia upande wa kushoto na tafsiri upande wa kulia, na utepe mwembamba chini kwa ajili ya orodha ya istilahi. Dirisha likifunika jingine hata kwa upana wa kidole, najiona kama mtu aliyeekewa mkono machoni. Mwenzangu tunayetumia chumba kimoja ana madirisha kumi na zaidi yaliyolala moja juu ya jingine, kila moja likitoa pembe kidogo nje, naye hulifikia analolitaka kwa kugusa pembe hiyo bila ya kutazama sana. Nikimwuliza anajuaje, hujibu kwamba anajua. Yupo pia mkubwa wetu, ambaye hulipanua kila dirisha likajaa kiwambo kizima, hutazama kitu kimoja tu kwa wakati, na huona sisi wawili tuna wazimu.

Wataalamu wawili wa Marekani, Dugald Hutchings na John Stasko, walilichunguza jambo hili wakachapisha waliyoyaona mwaka 2004, nao waliwagawa watu katika mafungu matatu: wale wanaolijaza dirisha kiwamboni kote, wale wanaolikaribisha kujaa lakini wakaacha nafasi kando kwa vitu vidogo, na wale wanaoyaweka mengi kwa uangalifu ili wayaone kwa pamoja. Wenzangu wawili na mimi hatutoshelezi uchunguzi wowote, ila tumejikuta katika sura hizo bila ya shida. Kwa mafungu hayo tumependekeza majina ya mjazaji, mwachanafasi na mratibu. La kati halinipendezi. Limeundwa kwa nguvu, na linasomeka kama lakabu ya mtu. Likipatikana bora litaachwa.

Rasimu ya kwanza iliyofika mezani kwetu ilikuwa imeuita mpakano “mpangilio nadhifu” na mfunikano “mrundikano”. Aliyeyaandika hayo hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mratibu kwa tabia, kama mimi, na aliviita vitu kama alivyoviona. Lakini mwanafunzi atakayesoma kwamba namna yake ya kazi yaitwa mrundikano amekwisha kukaripiwa kabla ya kufundishwa. Tena karipio lenyewe halina msingi. Mwaka 1983 Thomas Malone alichapisha uchunguzi kuhusu jinsi watu wa ofisini wanavyopanga meza zao, akatofautisha mafaili yenye majina na mpango, na marundo yasiyo na jina. Alionyesha kwamba rundo lina kazi yake: kitu kikikaa juu ya meza humkumbusha mwenyewe kwamba kazi haijaisha, na mtu huacha kukitia katika faili kwa sababu hajajua bado kinastahili kuitwa nani. Ofisi zetu zinalijua jambo hilo vizuri. Karani wa masjala aliyezungukwa na majalada, ambaye mgeni humwona kuwa amezama, mara nyingi ndiye pekee anayelipata jalada lako kabla ya chai kupoa.

Kwa sababu hiyo niliomba katika kikao kwamba majina yote mawili yaeleze umbo la mpangilio na si thamani yake, na maneno nadhifu, ovyo na mrundikano yafutwe katika rasimu nzima. Tulibishana. Mjumbe mmoja alisema kwamba kitabu cha mafunzo kina wajibu wa kufundisha mazoea mema. Nilikubali kwamba kitabu kina wajibu huo. Nilikataa kwamba istilahi inao. Mwandishi wa kitabu akitaka kuusifu mpakano, na ausifu kwa sentensi nzima ambayo msomaji ataweza kuikataa. Akiitia sifa hiyo ndani ya jina lenyewe, msomaji hana pa kuikatalia.

Kukunja, kutandaza, kufunga

Nirudi kwa yule mama. Kitendo cha kuliteremsha dirisha likabaki alama ndogo chini ya kiwambo kimefasiriwa kwa vitenzi kadha: kupunguza, kuondoa, kuficha, kushusha. Kupunguza ndicho kilichoenea, na ni tafsiri sahihi ya neno la Kiingereza. Lakini mtu akiambiwa apunguze dirisha, hulivuta pembe likawa dogo zaidi, nalo huendelea kukaa pale pale. Nimeliona hilo likitendeka mara nyingi, hata kwa vijana wazoefu. Kuondoa tumekwisha kuyaona madhara yake. Kuficha kunaleta shaka, kana kwamba kuna jambo la aibu. Kushusha kuna mgogoro mwingine, maana siku hizi watu wengi wanakitumia kwa kuchukua faili kutoka intaneti.

Pendekezo letu ni kukunja. Jamvi likikunjwa halijatupwa. Limesimamishwa pembeni, na wageni wakija hukunjuliwa. Kila aliyepata kukunja kitu anajua kwamba kitakunjuliwa, na maarifa hayo ndiyo yaliyokosekana katika neno kuondoa. Imesemwa kwamba kukunja kumekwisha kutumiwa na wengine kwa orodha inayofupishwa ikabaki kichwa chake. Sioni ubaya. Kitendo ni kile kile: yaliyomo yamefumbwa, hayakupotea. Imesemwa pia kwamba madirisha ya nyumba hayakunjwi, na hapo nimejibu kwamba wala hayavutwi kwa kipanya.

Kinyume cha kukunja ni kukunjua, yaani kulirudisha dirisha kama lilivyokuwa. Kulijaza kiwambo kizima nimependelea kuita kutandaza; kupanua tumekuachia kazi yake ya kuongeza ukubwa kwa kiasi chochote. Kufunga kunabaki kufunga, lakini tumetia sharti: kila kitabu kitakachotumia istilahi hizi kieleze, mara ya kwanza kitenzi hicho kinapotokea, kwamba dirisha la kompyuta likifungwa kazi isiyohifadhiwa hupotea. Dirisha la nyumba halimfundishi mtu hatari hiyo, na ni wajibu wetu kuisema.

Yaliyobaki nitayapitia upesi. Toleo la Windows la mwaka 2009 lilileta desturi ya kulivuta dirisha mpaka ukingoni likajaza nusu ya kiwambo kwa ghafula, na toleo la mwaka 2021 likaongeza vielelezo vya mipangilio ya kuchagua. Kompyuta za Apple zilizoshika njia ya mfunikano tangu 1984 zimepewa mpakano wa namna hiyo mwaka 2024. Kitendo hicho tumekiita kunatisha, kwa kuwa dirisha hunata ukingoni. Wengine walitaka kunasa, ila kinachonasa hakitoki kwa hiari, na dirisha hutoka. Kuwa na maeneo-kazi kadha yanayobadilishana, wazo ambalo Austin Henderson na Stuart Card walilieleza mwaka 1986 kwa mfano wa vyumba, tumeliita vyumba vivyo hivyo. Neno pepe limekwisha kubebeshwa barua na mengine mengi, na halina mgongo wa kubeba zaidi. Kichupo kimeenea na hatukukigusa.

Lililotushinda ni jina la dirisha lile moja, kati ya yote yaliyo wazi, ambalo herufi zitaingia humo ukibonyeza kibodi. Dirisha tendaji linafanya yaliyobaki yaonekane mavivu, ilhali mengine huendelea na kazi. Dirisha hai linafanya yaliyobaki yawe maiti. Dirisha lengwa limepata kura nyingi zaidi, lakini katika darasa mwanafunzi mmoja aliuliza nani amelilenga, na swali lake lilikuwa la haki. Nafasi hiyo katika rasimu tumeiacha tupu, na wasomaji wenye pendekezo wanaombwa waliandike pamoja na sentensi moja ya kulitumia, maana neno lisilo na sentensi hatuwezi kulipima.

Kuhusu darasa la makarani, sentensi iliyoleta hasara sasa inasomeka hivi: “Kunja dirisha la barua, kisha fungua daftari la hesabu.” Kundi lijalo litasomewa sentensi hiyo bila ya picha na bila ya mwalimu kuonyesha kwa mkono. Mama yule ameahidi kuja kuketi nyuma, na amesema kwamba safari hii atahifadhi kazi yake kwanza.